Wanawake waliofunga mlango Accra, na kazi ya kumaliza vita ambayo haiandikwi

#1 Ukindu (mleta mada)

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Jambo hili limenikaa kifuani muda mrefu, leo naliandika. Vita vinapozungumzwa, mwanamke hutajwa mara mbili: anapobakwa, na anapokimbia na mtoto mgongoni. Yote mawili ni kweli na yanauma. Ila kuna mara ya tatu ambayo hurukwa, pale anapovisimamisha vita vyenyewe. Na hata wakimtaja hapo, wanasema ni kwa sababu mama ana huruma, kana kwamba amani inamtoka kama maziwa. Mimi nasema ile ni kazi. Ina maarifa yake, ina uchovu wake, na wapo waliojifunza kuifanya kwa miaka.

Nianze na Liberia.

Mwaka 2003 nchi ile ilikuwa imepigana, kwa vituo, tangu 1989. Charles Taylor alikuwa ikulu Monrovia, waasi wanausogelea mji, watoto wanabebeshwa bunduki. Leymah Gbowee, mfanyakazi wa ustawi wa jamii, alikuwa akiwakusanya wanawake wa makanisa. Asatu Bah Kenneth, askari polisi na Mwislamu, akasimama akasema na Waislamu wataingia. Wapo Wakristo waliosita kuomba bega kwa bega na Waislamu. Wakakumbushana kwamba risasi haiulizi dini, wakaendelea.

Sasa angalieni walivyopanga. Walichagua uwanja wa jirani na soko la samaki, kando ya barabara ambayo msafara wa rais ulipita. Asingeweza kwenda wala kurudi bila kuwaona. Walivaa fulana nyeupe na vilemba vyeupe, hereni na mapambo wakaacha nyumbani, ili mke wa mkubwa na muuza samaki wasitofautishwe kwa macho. Na ujumbe ulikuwa mmoja: wanawake wa Liberia wanataka amani. Hawakusema Taylor ang'oke. Hawakusema waasi washinde. Wangesema lolote kati ya hayo, wangeishia kuitwa tawi la upande fulani na kutawanywa siku ya pili. Wakakaa juani, wakakaa mvuani. Aprili 23 Taylor aliwapokea, na baadaye akakubali kwenda kwenye mazungumzo. Wengine wakasafiri hadi Freetown kuwabana viongozi wa waasi nao waende.

Mazungumzo yalifunguliwa Accra, Ghana, Juni 4. Siku hiyohiyo mashtaka ya Taylor katika Mahakama Maalumu ya Sierra Leone, ya makosa ya vita vya nchi hiyo jirani, yakawekwa hadharani, akarudi nyumbani haraka, na mapigano Monrovia yakapamba moto. Wajumbe wakabaki Ghana kwenye hoteli nzuri, wiki baada ya wiki, wakigawana vyeo vya serikali ambayo haijazaliwa. Wanawake walikuwa wanawaona kila siku. Simu za nyumbani zinasema watu wanakufa, na hapo mezani mtu anadai wizara.

Julai 21 makombora yaliwaangukia watu waliojihifadhi katika eneo la ubalozi wa Marekani mjini Monrovia. Asubuhi hiyo Gbowee na wenzake waliketi sakafuni mbele ya mlango wa ukumbi wa Accra, wakaunganisha mikono, wakapeleka ujumbe kwa msuluhishi, Jenerali Abdulsalami Abubakar: hatoki mtu humu mpaka mkubaliane. Walinzi wakaja kumkamata Gbowee kwa kosa la kuzuia haki isitendeke. Neno "haki" ndilo lililomchoma. Akasimama, akafungua kilemba, akaanza kuvua nguo. Hakuna haja ya kuwaeleza maana ya mama mzima kujivua nguo mbele ya wanaume. Walinzi walirudi nyuma. Taylor alijiuzulu Agosti 11, mkataba ukasainiwa Agosti 18.

Hapo simulizi nyingi huishia, na mimi ndipo ninapotaka mniangalie. Wanawake wale hawakurudi nyumbani. Waliusoma mkataba, wakauchambua kwa lugha ambayo muuza sokoni anaielewa, ili ajue ameahidiwa nini na lini. Desemba 2003 zoezi la kwanza la Umoja wa Mataifa la kukusanya silaha lilivurugika, wapiganaji wengi wamefika, maandalizi hayatoshi. Wanawake wakaingia kati, wakazungumza na vijana wenye bunduki mmoja mmoja. Uchaguzi wa 2005 ulipokaribia walipita mtaani wakiwahimiza wanawake wajiandikishe, na hata wakiwashikia watoto na meza za biashara ili waende kwenye foleni. Ellen Johnson Sirleaf akashinda urais. Kushika mtoto wa mwenzako ili akajiandikishe ni siasa, wakuu, hata kama hakuna kamera.

Nina sababu yangu ya kuyaandika haya. Niliwahi kuwa mwandishi wa kumbukumbu katika vikao vya upatanisho baina ya pande mbili ambazo zilikuwa zimezikana sana. Tulikuwa wanawake wanne. Kazi yetu rasmi ilikuwa kuandika na kuhudumia. Kazi yetu ya kweli ilikuwa nyingine: kabla ya kila kikao tulipita nyumba kwa nyumba, pande zote mbili, kuuliza nani amepoteza nani, nani bado hajapata kaburi, nani ameapa kulipiza. Vyote vilikuwa kwenye daftari la jalada la bluu ambalo kona zake zilikuwa zimelegea kwa jasho la mkono. Wazee walipokwama waliuliza, "Hebu angalia daftari." Mara mbili daftari lile lilizuia watu wasiondoke mezani kwa hasira, kwa sababu lilikuwa na jina la marehemu ambaye upande wa pili ulisema hakuwahi kuwepo.

Siku ya kusaini, meza ilipangwa viti saba. Hakuna aliyetuita. Tukaambiwa tusogee kidogo pembeni, tunaziba picha.

Nawasilisha. Nipingeni pia.

#2 Kibatari

Dada Ukindu, nimesoma yote na umenigusa hapo kwenye picha. Ila naomba nipinge kama ulivyoruhusu.

Tusiwapake wanawake mafuta. Mimi nimekulia mahali palipopigana, na nawakumbuka akina mama waliokuwa wakiwaimbia vijana nyimbo za kuwaita waoga. Kijana ambaye hakutaka kwenda alikuwa akipita, wanawake wananyamaza ghafla. Ukimya ule ulimpeleka vitani kuliko amri ya mkubwa yeyote. Kaka yangu alikwenda hivyo. Kwa hiyo mtu akiniambia mwanamke ni amani, moyo wangu unakataa.

#3 Ukindu (mleta mada)

Kaka Kibatari, pole sana kwa ndugu yako. Na hunipingi hata kidogo, unaniunga mkono kuliko ulivyodhani.

Pauline Nyiramasuhuko alikuwa waziri wa familia na maendeleo ya wanawake Rwanda mwaka 1994. Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, iliyokuwa Arusha, ilimtia hatiani mwaka 2011, pamoja na makosa ya ubakaji yaliyofanywa na watu waliokuwa chini yake. Alihukumiwa maisha, rufaa ikapunguza hadi miaka 47. Waziri wa wanawake! Kwa hiyo hoja ya kwamba kuzaa kunamfanya mtu mpenda amani ilishakufa, na afadhali ilivyokufa, maana ndiyo hoja inayotufanya tusilipwe, tusifunzwe na tusikaribishwe mezani. Kitu cha asili nani atakiajiri?

Mfano mzuri wa unachokisema ni Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya. Mwaka 1992 na 1993 koo zilipigana vibaya, katika ukame. Na mapigano yale yaliingia sokoni kwa mikono ya wanawake wenyewe. Mama wa ukoo huu hauzi maziwa kwa wa ukoo ule, hanunui kwake, na hataki hata amkanyagie mkeka. Wanawake walikuwa wapiganaji wa soko.

Dekha Ibrahim Abdi, aliyekuwa mwalimu, amewahi kusimulia kwamba usiku mmoja wa risasi alijificha chini ya kitanda na mtoto wake wa kwanza. Asubuhi mama yake akamwambia kwamba na yeye alimficha Dekha vivyo hivyo alipokuwa mchanga, miaka ya sitini. Dekha akajiuliza kama na binti yake atakuja kujificha na mjukuu. Nikifika hapo huwa nasimama kidogo.

Basi wakakutana wanawake wachache, wengine kwenye harusi, wa koo tofauti. Hawakuanza na mkutano wa hadhara. Walianza na sheria moja: sokoni, yeyote anauza na yeyote ananunua. Wakaweka kamati ya kulinda sheria hiyo kila siku. Aliyekataa kumuuzia mwenzake aliitwa na kuzungumzwa naye siku ileile, kabla jambo halijafika nyumbani kwa wanaume wenye bunduki. Soko lilipotulia, wakawafuata wazee, wazee wakakaa, na likatoka Azimio la Al Fatah, makubaliano ya koo kuacha mapigano, mwaka 1993. Baadaye, 1995, ikaundwa kamati ya amani ya wilaya iliyokusanya wazee, wanawake, vijana na serikali, na muundo huo ukaigwa sehemu nyingine za Kenya. Dekha alipewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007. Alifariki 2011 kwa ajali ya gari, yeye, mumewe na dereva.

Ona basi, Kibatari: wanawake walewale waliokuwa wakichochea ndio waliozima, kwa sababu walijua moto umewekwa wapi.

#4 Shanuo

Naongezea hapo hapo, maana Somalia wana jambo ambalo linanifundisha kila nikilirudia.

Mwanamke wa Kisomali akiolewa ukoo mwingine hubaki wa ukoo wa baba yake, lakini watoto ni wa ukoo wa mume. Vita vikizuka kati ya koo hizo mbili, upande mmoja yuko baba na kaka zake, upande wa pili mumewe na wanawe. Yeyote akifa ni wake. Kwa sababu hiyo wanawake walikuwa wakitumwa kubeba ujumbe kati ya pande zinazopigana. Wana ndugu huku na huku. Na kwa sababu hiyohiyo walinyimwa kiti kwenye mazungumzo: huyu si wetu kamili, atatuuza. Mtu mmoja, sifa moja, inatumika kumtuma hatarini na kumfungia mlango.

Mwaka 2000 kwenye mkutano wa amani ya Somalia uliofanyika Arta, Djibouti, uwakilishi ulikuwa kwa koo: nne kubwa, na ya tano ni muungano wa koo ndogo. Asha Haji Elmi na wenzake wakatangaza kwamba wao ni ukoo wa sita, ukoo wa wanawake. Wakaingia kwa jina hilo, wakapata viti vyao katika bunge la mpito.

Hawakusubiri mfumo wa koo ufe ndipo wapate nafasi. Wapo wanaharakati wa haki za wanawake wanaolaumu kwamba waliukubali mfumo dume kwa kulivaa jina lake. Mimi siwalaumu. Watu walikuwa wanakufa mwaka ule.

#5 Mkeka

Nimewafuatilia kimya kimya tangu mwanzo. Swali langu ni zito kidogo. Hivi vyote ni vita vya ndani, ambapo mama anaweza kumfuata kamanda kwa sababu anamjua mama yake. Je, vita vikubwa vya mataifa, vya ndege na makombora, kuna wanawake wa chini waliowahi kuvigusa? Au tunajifariji?

#6 Ukindu (mleta mada)

Swali la haki, Mkeka, na sitakudanganya.

Aprili 1915, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imewaka, wanawake zaidi ya 1,100 kutoka nchi 12 walikutana The Hague, Uholanzi, wakiitwa na Aletta Jacobs na wenzake, Jane Addams wa Marekani akiwa mwenyekiti. Waliketi pamoja wanawake wa mataifa ambayo wanaume wao walikuwa wakiuana saa ileile. Waingereza waliotaka kwenda walikuwa wengi, lakini njia ya bahari ilifungwa, wakafika watatu tu. Walipendekeza nchi zisizo vitani ziunde jopo la kusuluhisha mfululizo, bila kusubiri mtu ashindwe kwanza. Wakagawana, wakazunguka kwa mawaziri wa pande zote kulipeleka. Walisikilizwa kwa adabu. Vita vikaendelea hadi 1918. Kwa kipimo cha kusimamisha vita, walishindwa, na inaniuma kuliandika.

Ila mkusanyiko ule haukuvunjika, ukawa jumuiya ya kimataifa ya wanawake kwa amani na uhuru, ipo mpaka leo.

Greenham Common, Uingereza, ni habari nyingine. Septemba 1981 wanawake wachache walifika kwa miguu kutoka Cardiff kwenye kambi ya jeshi la anga ambako Marekani ingeweka makombora 96 ya nyuklia. Waliomba mjadala wa hadharani na serikali. Wakanyimwa. Wakabaki. Walilala chini ya maturubai kwenye baridi ya Ulaya, wakafukuzwa, wakarudi, wakapelekwa mahakamani, wakarudi. Desemba 12, 1982, wanawake wapatao 30,000 walishikana mikono kuizunguka kambi nzima, na kwenye uzio wakatundika nguo za watoto na picha za wapendwa wao. Makombora yalifika hata hivyo mwaka uliofuata. Mkataba wa kuyaondoa ulisainiwa na Marekani na Umoja wa Kisovieti mwaka 1987, la mwisho likaondoka 1991, na wanawake wa mwisho wakaondoka 2000. Sisemi wao ndio walioandika mkataba. Nasema walikuwepo miaka 19, na uzio ule uliozunguka kambi nzima haupo tena.

Lakini kama ungeniuliza ipi ngumu kuliko zote, ningekutajia Belgrade, mji mkuu wa Yugoslavia wakati ule. Kupinga vita vya adui ni rahisi. Oktoba 1991 Wanawake Waliovaa Nyeusi walianza kusimama kimya kila Jumatano katikati ya mji, kupinga vita ambavyo serikali yao wenyewe ilikuwa ikivipigana. Namna ile ya kusimama waliichukua kwa wanawake wa Israeli waliokuwa wakisimama Jerusalem tangu 1988 kupinga ukaliaji wa mabavu wa ardhi ya Wapalestina. Walitemewa mate, wakaitwa wasaliti na malaya. Waliwasaidia vijana waliokataa kuandikishwa jeshini. Kibatari, nawawaza wale unapomtaja kaka yako. Kungekuwa na mama mmoja tu wa kumwambia kubaki si aibu...

#7 Kibatari

Nimesoma mstari huo wa mwisho nikaweka simu chini kwanza.

Nauliza dogo. Huko Liberia si ndiko walikowanyima waume zao unyumba? Watu wengi wanalijua hilo tu.

#8 Ukindu (mleta mada)

Ndiyo, lilikuwepo, na Gbowee mwenyewe ameeleza kwamba matokeo yake yalikuwa madogo, faida yake kubwa ikawa kuvuta vyombo vya habari. Inanisikitisha kwamba miezi ya kukaa juani imefunikwa na habari ya kitandani. Mwandishi akija na swali hilo, mpe jibu moja umrudishe uwanjani.

#9 Shanuo

Mkeka aliuliza kuhusu kujifariji. Mimi naona swali la kutuumiza kichwa ni hili la viti, na Burundi inalionyesha vizuri kwa sababu yaliyotokea yaliandikwa.

Mazungumzo ya Arusha yalipoanza 1998 chini ya Mwalimu Nyerere, wanawake wa Burundi walikataliwa kuingia kama wajumbe. Vyama vilisema havioni wanawake wana jambo gani la pekee. Wakabaki kwenye korido. Korido si mchezo: unamsubiri mjumbe atoke kunywa chai, unampa karatasi, unamwambia dakika mbili, kesho unarudi. Wanawake wa Kihutu na wa Kitutsi, pamoja. Mwalimu alifariki Oktoba 1999, Mandela akashika usuluhishi. Julai 2000 ukaitishwa mkutano wa wanawake wa vyama vyote, zaidi ya 50, na mapendekezo yao mengi yakaingia kwenye mkataba wa Agosti: wanawake kumiliki na kurithi ardhi, wakimbizi wanaorejea, adhabu kwa ubakaji wa vitani. Kilichokataliwa ni kimoja kikubwa, asilimia 30 ya nafasi za uongozi. Hiyo walikuja kuipata kwenye katiba ya 2005.

Oktoba 31 mwaka huohuo wa 2000 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, Namibia ikiwa kwenye kiti, likapitisha Azimio 1325 linalotaka wanawake wawemo katika kuzuia na kumaliza vita. Tunalitaja sana kwenye semina. Mimi huwaambia wenzangu walisome pamoja na habari za korido ya Arusha, maana korido ilitangulia. Na angalieni wanawake walichodai walipofika: ardhi, kurudi nyumbani, ubakaji. Wajumbe wa vyama walikuwa wakigombania jeshi na viti. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

#10 Mkeka

Nimejibiwa. Ila dada Ukindu, lile daftari la bluu liko wapi sasa?

#11 Ukindu (mleta mada)

Ninalo. Siku ile ya picha niliondoka nalo kwapani, na hakuna aliyelidai.

Makubaliano yale yalishika mwaka mmoja na miezi, halafu kukatokea kifo kimoja na watu wakaanza kuhesabiana tena. Wiki mbili zilizopita wazee wametuma mtu: kikao kinaitwa upya, na tafadhali mwandishi aje na daftari.

Tumekutana wale wanne. Mmoja sasa hasikii vizuri, mmoja amefiwa na mume. Tulianza na kazi: tumeongeza kurasa, tumerudi kwenye nyumba zilezile, tumeandika waliozaliwa na waliokufa tangu wakati ule. Kuna nyumba mbili bado hazijatufungulia mlango, tutarudi Alhamisi. Kisha tukajibu barua. Tumeandika majina yetu manne, kila mmoja kwa mkono wake, kwamba tunakuja kama wajumbe, na tunaomba orodha ya wajumbe yenye majina hayo itufikie kabla ya siku ya kikao. Ikifika, daftari litakuwa mezani. Isipofika, tutakuja vilevile, tutaketi mlangoni, na daftari litakuwa mapajani kwangu limefungwa.

Hawajajibu bado. Nitawaambia.